Kabichi Nne Nyuma ya Tangi

Mwanamke huyu ukimkuta amekaa kitini dakika tano bila kushika kitu, jua anaumwa, mwitie daktari. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mfagiaji wa wodi hospitalini, na huko ndiko walikombandika jina la Mama Deki. Wagonjwa waliposikia ndoo yake ikikwaruza sakafu ya ukumbini walikuwa wakiinua miguu, hata wale waliokuwa wamelala kitandani, kana kwamba tambara lake lingewafuata mpaka juu ya godoro. Daktari aliyekanyaga matope alizungukia mlango wa nyuma, si kwa kumwogopa muuguzi mkuu.

Umri wa kustaafu ukafika. Wakampigia makofi, wakampa saa ya ukutani, wakamfungulia geti. Mumewe ni fundi saa, mtu mpole anayefanya kazi katika chumba cha mbele, meza yake dirishani, jicho moja kalifumba na jingine kalibandika kioo cha kukuzia. Aliifungua ile saa ya zawadi, akaitazama tumboni, akasema, "Hii haimalizi mwaka." Haikumaliza miezi minane.

Mama Deki nyumbani alikuwa balaa. Aliosha kuta mpaka rangi ikaanza kung'oka. Aliosha balbu. Alipanga vijiko kwa urefu, akavipanga upya kwa uzito. Siku alipojisahau akafuta meza ya mumewe kwa kitambaa chenye maji, gurudumu la saa ya mteja, dogo kama punje ya ufuta, likapotea, na fundi, ambaye tangu waoane hajawahi kupaza sauti, siku hiyo alipaza.

"Mke wangu! Nenda nje! Tafuta kitu cha kufanya, na kiwe kikubwa kuliko hiki!"

Ndiyo ikawa bustani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu, hatua thelathini kwa ishirini. Hakikuwa chake wala cha mumewe. Kilikuwa cha wifi yake, dada wa fundi, aliyeachiwa na baba yao. Wifi huyu ni mwanamke wa mipango, anatembea na futi ya kupimia kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na kitana. Mpango wake ulikuwa vyumba sita vya kupangisha, vitatu huku, vitatu kule, choo katikati. Matofali alikwishayaleta, yamepangwa ukingoni mwa kiwanja hadi usawa wa kifua. Ila mafundi wake walikuwa bado wana kazi ya mtu mwingine.

"Lima tu, wifi yangu," alimwambia, "lakini usije ukazoea."

Mama Deki alizoea wiki ya kwanza. Alilima, akasawazisha matuta kama anatandika vitanda vya wodi, kona zote zimenyooka. Akapanda kabichi tisini. Na kila asubuhi alifagia katikati ya matuta, halafu, kwa kuwa fagio lilikuwa bado mkononi, akafagia na matofali ya wifi.

Kabichi zikiwa zimeanza kufunga, mpishi mkuu wa hospitali alipita kuwasalimu. Ni mtu mnene wa sauti ndogo, wamegombana miaka ishirini kwa sababu ya maji ya deki kuingia jikoni kwake, na ugomvi huo ukawageuza marafiki. Alisimama kwenye matuta, mikono nyuma.

"Dada, umepulizia dawa gani hapa?"

"Dawa? Kaka, mimi na dawa za kunusa tulimalizana siku niliyotoka kwenu."

"Basi mimi natafuta hizihizi. Wagonjwa wangu wanataka mboga isiyo na sumu, na kila anayeniletea anaapa, halafu nikisogeza pua nasikia duka zima la dawa. Ila na mimi siwezi kumpa mtu aliyetoka kupasuliwa sahani yenye wadudu. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na karai langu. Zikipita, nachukua zako kila mavuno."

Karai lake lilikuwa linajulikana. Anaweka maji ya chumvi, anachambua kabichi jani kwa jani ndani yake, anasubiri. Kilichojificha kinaelea. Hakuna kumbembeleza.

Wifi aliposikia, alifikiri kidogo, kisha akasema kitu ambacho fundi alikisikia kwa masikio yake mawili: "Sawa. Mpishi akizikubali, vyumba naanza kujenga kwenye kiwanja changu cha barabarani, na hiki ukae nacho. Akizikataa, Jumatatu mafundi wanachimba msingi, na mtu asinililie."

Hapo sasa ndipo Mama Deki alipokosa usingizi, maana alikuwa amegundua kwamba bila kile kiwanja atarudi ndani ya ile nyumba, na ile nyumba haikuwa na kitu kilichobaki cha kuosha.

Hakuwa mjinga wa bustani. Mwezi wa kwanza tu alikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili ya bibi shamba, msichana mmoja mwenye miwani anayezungukia wakulima kwa pikipiki, aliyekuwa akifundisha kulima bila sumu. Siku ya kwanza Mama Deki alijaza daftari: majivu kwenye shina, maji ya sabuni kwa wadudu laini, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, pilipili na vitunguu saumu. Siku ya pili asubuhi akaandika tena. Siku ya pili mchana benchi lilimshinda. Alikuwa ameona utando wa buibui kwenye kona ya dari ya ukumbi na hakuna mtu aliyekuwa anaushughulikia. Akasema anakwenda chooni, akaenda nyumbani. Alijiambia yaliyobaki ni ya kuagana tu.

Siku ishirini na tano kabla ya Jumamosi ya karai, wakaja vidukari.

Kama huwajui, ni chawa wa mboga. Wadogo, wa kijivu, wamejipaka unga kama waliotoka kinuni, wanakaa kwa mamia chini ya jani wakifyonza. Leo unaona kumi, keshokutwa huoni jani. Mama Deki aliwaona alfajiri, na kabla ya saa nne alikuwa amewapiga majivu. Saa sita akawapiga sabuni. Jioni akawapiga mwarobaini, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado unamwasha, akamalizia na pilipili. Kila kimoja kati ya hivyo ni kizuri kikipewa nafasi yake. Vyote kwa siku moja viliunguza kingo za majani, na pilipili ikamwingia yeye mwenyewe machoni, akashinda kesho yake anatafuta ukuta kwa mikono.

Siku ya tatu aliona jambo jingine. Katikati ya wale wa kijivu kulikuwa na wengine waliotuna, wamekauka, rangi ya shaba kama senti ya zamani, wamegandia jani utadhani wamegundishwa. Hawatembei. Ukiwagusa hawatikisiki.

"Upele!" alisema peke yake, pale katikati ya matuta.

Mtu aliyefanya kazi wodini akisikia neno upele ana dawa moja: mtenge, na shuka zake zichomwe. Kuanzia siku hiyo, asubuhi na jioni, Mama Deki alipita tuta kwa tuta na debe, akikata kila jani lenye vile vya shaba, akayachoma pembeni mpaka majivu. Magugu nayo akayang'oa, hata yale yenye vimaua vidogo vyeupe yaliyokuwa yamejiotea kandokando, kwa kuwa aliona vijinzi vikizungukazunguka juu yake na hakutaka mkusanyiko wowote. Kiwanja kikang'aa. Na wale wa kijivu, ajabu, wakaongezeka. Kadiri alivyosafisha ndivyo walivyomiminika, kama wamesikia kuna karamu.

Siku ya sita ya kuchoma, wifi akaja na futi yake. Aliinama, akafunua jani.

"Wifi, hii kabichi au kichwa chenye mba?"

"Kama hujui kabichi, nenda ukapime matofali yako."

"Yangu nimekwishayapima, na yako nimeyaona." Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo yenye picha ya mdudu aliyelala chali. "Shika. Usiseme wifi yako ana roho mbaya. Pulizia leo, mpaka ile Jumamosi harufu imekwisha. Nani atajua?"

"Wagonjwa watajua."

"Wagonjwa si wagonjwa tayari?"

Akaondoka akicheka. Chupa ikabaki mkononi mwa Mama Deki. Usimlaumu kwa alichofanya. Aliitia mfukoni mwa aproni, akaenda kwa jirani, akaazima bomba la kupulizia la kubeba mgongoni. Roho yake ilikuwa inasema kitu kimoja na mikono yake kingine, na kwa Mama Deki siku zote mikono ndiyo inayotangulia kufika.

Kabla ya kuchanganya, alitaka kwanza kupima kama mpira wa bomba utafika nyuma ya tangi. Kwenye kona ya kiwanja kuna tangi la maji lililokalia matofali, na kati yake na ukuta pana kinafasi ambacho mtu mwembamba anapita kwa ubavu. Huko kulikuwa na kabichi nne. Alizipanda kabla tangi halijasogezwa, na tangu lisogezwe hakuingia tena, maana uji wa hospitali wa miaka ishirini na miwili ulimkaa vizuri kiunoni. Magugu yalikuwa yamezisonga hadi magotini, yamejaa vimaua vyeupe. Alijibana, akavuta pumzi ndani, akasikia kifungo cha gauni kikikatika, akafika.

Akafunua jani la kwanza. Safi.

La pili. Safi. Akazigeuza zote nne, nje na ndani. Kulikuwa na vile vya shaba vichache, vikavu, kila kimoja kina tundu mgongoni, na wa kijivu hawakufika hata ishirini.

Mwingine angefurahi. Mama Deki alikasirika. Alisimama pale amebanwa kati ya tangi na ukuta, jasho linamtiririka, akaziambia zile kabichi kwa sauti, "Nyie sijawagusa hata siku moja!" Kama mama anayemkuta mtoto asiyesomeshwa ndiye anayeandika vizuri.

Akatoka kwa ubavu uleule. Bomba akaliacha chini. Akakata jani moja la shaba kutoka kwenye tuta lake, akalitia kwenye chupa pana ya jamu pamoja na wa kijivu wachache, akafunika kwa kitambaa, akaenda kuitua mezani kwa mumewe katikati ya saa tatu zilizofunguliwa.

"Wewe una jicho. Niambie hiki ni nini."

Fundi hakuuliza kwa nini. Aliweka kibano chini, akavuta kiti, akabandika kioo chake. Akatazama. Akaendelea kutazama. Mama Deki alizunguka chumba mara nne, akanyoosha pazia lililonyooka, akatoka, akarudi, akamkuta vilevile.

"Umelala?"

"Shh. Kuna mtu anafungua mlango."

Alimpisha kiti. Mama Deki akainama kwenye kioo. Mgongo wa kidudu kimoja cha shaba ulikuwa unakatwa kwa ndani, polepole, duara kamili, kama kifuniko cha kopo. Kifuniko kikainuka. Kikatoka kichwa chenye vipapasio viwili virefu, halafu mabega, halafu mwili mwembamba mweusi wenye mbawa, mzima haujafika urefu wa herufi kwenye gazeti. Kikajipangusa uso kwa miguu ya mbele.

"Nyigu," alisema fundi. "Nyigu wa saizi ya saa za kike. Ona lile tundu lilivyo duara. Mimi kukata hivyo nahitaji mashine."

Kile kinyigu kikatembea kidogo, kikamkuta kidukari wa kijivu. Kikasimama mbele yake, kikakunja tumbo kulipitisha chini ya miguu yake, chwa, kikamdunga. Kikahamia wa pili. Chwa. Kama muuguzi wa sindano siku ya chanjo, hana salamu hana pole.

Mama Deki alinyanyuka taratibu, akachukua simu, akampigia bibi shamba, akaeleza kila kitu bila kupumua: majivu, sabuni, upele, debe, moto.

Bibi shamba akauliza: "Mama, siku ya pili mchana ulikuwa wapi?"

"Nilipata dharura."

"Nilifundisha hicho saa nzima. Nilileta na picha. Huyo nyigu anataga yai ndani ya kidukari, mtoto anamla kwa ndani, ganda linabaki la shaba. Kila ganda ni nyigu mmoja anayekuja kukufanyia kazi. Na wakubwa wanakunywa maji ya vile vimaua ulivyong'oa. Umechoma mangapi?"

"Siku sita. Asubuhi na jioni."

"Uwiii, mama."

"Usinilie, niambie. Zimebaki siku kumi na nane. Nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Sawa. Lakini nifanye nini?"

"Mama! Sabuni acha, mwarobaini acha, magugu yenye maua yaache yaote. Yale majani ya shaba usiyakate. Mwagilia shinani, basi. Siku kumi na nane zinaweza kutosha. Zinaweza zisitoshe. Sikuahidi."

Debe la asubuhi hiyo lilikuwa bado halijatiwa kiberiti. Mama Deki aliliinamia kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka kwenye takataka, akachambua jani moja moja, akayarudisha matutani, akayachomeka katikati ya kabichi. Jirani aliyefuata bomba lake akamkuta anatapanya taka kwenye bustani aliyokuwa anaifagia, akachukua bomba lake akaondoka. Chupa ya wifi ikakaa kabatini, kando ya ile saa ya zawadi iliyokufa.

Sasa ikaja kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa.

Siku ya kwanza ya kutofanya kitu alikwenda mlango wa nyuma mara thelathini na moja. Fundi alihesabu. Mara ya ishirini aliokota jani moja. Mara ya ishirini na tisa alikutwa amechuchumaa na kijiko cha chai, anawakomba vidukari wa kijivu, "hawa tu, wa shaba sijawagusa, nakuapia." Fundi akamshika mkono, akamrudisha ndani, akamkalisha kwenye stuli ya wateja. Akavuta kutoka chini ya meza kopo la maziwa ya unga, akalimimina kwenye sinia. Skrubu. Za saa za mkono, za saa za ukutani, za miaka yote ya kazi yake, zimechanganyika, nyingine ndogo kama mbegu za mchicha.

"Zipange," alisema. "Kwa urefu na kwa kichwa. Miaka thelathini natafuta mtu wa kunipangia."

"Unanidanganya kama mtoto."

"Ndiyo. Anza na zenye vichwa bapa."

Akaanza kwa hasira. Alizipanga kwenye vifuniko vya soda, kibano mkononi, ulimi umetoka pembeni. Kila baada ya muda goti lake lilianza kucheza chini ya meza, saa zote ukutani zikacheza nalo, na fundi angesema bila kuinua kichwa, "Goti." Goti likatulia. Kati ya skrubu hizo ilikuwepo moja iliyopinda shingo, haifai popote. Aliuliza itupwe? Fundi akasema hapana, iache, huenda siku moja ikaja saa iliyopinda.

Siku ya tatu akamaliza sinia lote. Siku ya nne fundi akatoa kopo jingine, lilelile kwa sura, lenye mchanganyiko uleule.

Nje mambo yalizidi kuwa mabaya. Hilo halikuwa kwenye picha za bibi shamba. Siku ya tano vidukari walipanda hadi moyo wa kabichi. Siku ya saba mafundi wa wifi walifika kupima, wakavuta kamba nyeupe moja kwa moja juu ya matuta, wakachomeka vigingi, kimoja katikati kabisa ya kabichi. Mama Deki alitazama kupitia dirisha la jikoni, vidole vimeshika ukingo wa sinki. Wifi akamwona, akapunga mkono.

"Nawapimia tu, wifi! Kigingi si jembe!"

"Kikivunja jani nakupeleka nalo hospitali ukalivalishe bendeji!"

"Si ulitupe lenyewe lilivyo? Hata mbuzi atalikataa!"

Siku ya kumi mvua ilinyesha ya kumwagika, na alijua, kama anavyojua mtu aliyekaa na wagonjwa, kwamba viumbe vidogo vile vyenye mbawa haviwezi kupona mvua kama ile. Ilipokatika alitoka, akafunua majani matatu. Wa kijivu, wa kijivu, wa kijivu. Akarudi ndani, hakupitia mezani. Akafungua kabati, akachukua chupa. Kizibo kilikuwa na pete ya plastiki. Akaizungusha, ikalia ta, ta, ta, ikabakia kijino kimoja tu ifunguke.

Fundi alikuwa mezani. Alimwona. Hakuinuka.

"Mke wangu," alisema, "zile za kichwa cha msalaba, fupi, uliziweka kifuniko kipi? Nina saa ya mtu hapa imefunguka, na yuko njiani."

"Utazitafuta mwenyewe."

"Sizioni. Wewe ndiye unayejua ulivyopanga."

Alisimama pale na ile chupa, pua imeota jasho. Huko nje matuta tisa, hapa ndani mtu na skrubu yake moja. Akatamani kumrushia. Lakini ni kweli kwamba yeye ndiye aliyejua, na kitu kilichopangwa naye hakijawahi kukosekana. Akaitua chupa dirishani, akaenda, akachukua kifuniko cha tatu kutoka kushoto bila hata kutazama, akamwekea mbele.

"Hizi hapa. Kipofu wewe."

"Asante. Na ukiwa umesimama hapo, nishikie taa."

Akashika taa. Saa ya mtu ikachukua muda mrefu kuliko kawaida ya saa za watu. Mteja hakutokea siku hiyo, wala kesho yake, na Mama Deki hakuuliza yuko wapi.

Siku ya kumi na mbili fundi alivua kioo chake, akakifuta, akasema sasa anakwenda yeye. Alichuchumaa kwenye tuta la kwanza muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Mama Deki alisimama mlangoni akitafuna ncha ya kitambaa.

"Kwa kila kumi," alisema aliporudi, "sita ni wa shaba."

"Sita?"

"Kwenye tuta la kwanza. La mwisho, lile lililo karibu na matofali, wawili tu. Mvua iliwashusha waliokuwa juu, lakini walio ndani ya maganda ilikuwa haiwafikii."

Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, Mama Deki alikaa chini mwenyewe bila kukalishwa. Halafu akainuka, maana kukaa kulimtia wasiwasi.

Jumamosi ikafika na mpishi akafika nayo, karai kichwani kama kofia, mfuko wa chumvi kwapani. Wifi alikuwa ametangulia, amekalia matofali yake, mguu juu ya mguu. Mafundi wawili walisimama nyuma yake na majembe, kwa ajili ya Jumatatu, lakini walitaka kuona.

Mpishi alichagua mwenyewe, mbili kila tuta, na mbili kutoka nyuma ya tangi alizokatiwa na fundi. Akamwaga maji, akakoroga chumvi, akachambua ya kwanza jani kwa jani. Wakangoja. Mama Deki alikuwa amekalia viganja vyake kwenye stuli, amevikalia kweli, mwili mzima juu yake.

Juu ya maji vikaelea vitu vidogo vyepesi vya shaba.

"Hivi nini?" mpishi akauliza.

"Maganda," alisema Mama Deki. "Yaliyokuwemo yameondoka. Tazama tundu."

Fundi akampa kioo. Mpishi akabandika, akatazama, uso wake mnene ukakunjamana. Akasukuma maganda pembeni kwa kidole. Chini yake wa kijivu walikuwa wawili. Akaosha tena kwa maji safi, hakikuelea kitu.

"Hii imepita. Maganda yanaoshwa."

Ya pili ikapita. Zilizofuata zikapita, moja baada ya nyingine, na kila moja ikipita wifi alishusha mguu mmoja na kupandisha mwingine. Zile za nyuma ya tangi maji yalibaki kama yalivyomiminwa. Ndipo ikaja ya tuta la saba. Maji yakawa kama uji. Wa kijivu walielea kwa mamia, wazima, wanapiga miguu. Mama Deki alifumba macho. Ya nane, vivyo hivyo. Ya tisa, vivyo hivyo.

"Haya!" Wifi akaruka kutoka kwenye matofali. "Nilisema nini? Jembe!"

"Ngoja kwanza, dada," alisema mpishi kwa ile sauti yake ndogo. Akamwaga karai, akajifuta mikono. "Matuta sita na zile za kona nachukua leo. Haya matatu ya huku nyuma siyataki. Leo. Nitarudi baada ya wiki mbili, na yasiguswe na mtu." Akamgeukia Mama Deki. "Hasa wewe."

"Lakini amezikataa!" wifi akamwambia kaka yake. "Wewe ni shahidi. Tatu amekataa!"

Fundi alivaa kioo chake jichoni, sijui kwa nini, labda ili amwone dada yake vizuri.

"Ulisema, 'Mpishi akizikubali.' Hukusema zote."

"Nilimaanisha zote!"

"Ungepima maneno kwa futi kama unavyopima viwanja."

Mmoja wa mafundi akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Wifi alitazama matuta, akatazama gari la hospitali lililokuwa linarudi kinyumenyume getini, akatazama matofali yake, na lazima aliona, maana hata kipofu angeona, kwamba yalikuwa yamefagiwa.

"Wiki mbili," alisema hatimaye. "Nawaambia mafundi waanze kule barabarani. Lakini yale matatu yakikataliwa, nachukua matatu yangu. Chumba kimoja na nusu kinaenea hapo. Na chupa yangu nirudishie, kama hukuitumia."

"Iko dirishani. Ina kijino kimoja, usiizungushe ovyo."

Kabichi zikapakiwa. Mpishi akaondoka, karai kichwani. Wifi akaondoka na chupa na futi. Mama Deki akabaki na matuta matatu ya vidukari, wiki mbili mbele yake, na mikono aliyoitoa chini ya mapaja ikiwa imekufa ganzi, na sasa damu ikirudi, ikaanza kumwasha upya.

Alisimama ukingoni mwa tuta la saba. Akaona jani moja limelegea. Akainua mkono, akaushusha. Akarudi ndani haraka kabla haujainuka tena.

Mezani fundi alikuwa amekwishamimina kopo kwenye sinia. "Hili la tano," alisema, uso mkavu kabisa. "Sijui zilitoka wapi skrubu zote hizi."

Mama Deki alivuta stuli, akachukua kibano. Juu kabisa ya rundo ilikuwa ile yenye shingo iliyopinda. Aliipanga siku ya kwanza kwenye kifuniko cha peke yake, na ilirudi kopo la pili, la tatu, na la nne. Miaka ishirini na miwili aliwajua wagonjwa kwa miguu yao tu, je, skrubu moja ingemponyoka? Aliishika na kibano, akaiweka kwenye kifuniko chake.

"Nyingi kweli," alisema. "Anza kunipa zenye vichwa bapa."

Goti likaanza kucheza.

"Goti," alisema fundi.